Mbinu na Masharti Yake: Utangulizi wa Ufundi wa Nyumbani, Kutoka Simiyu

Tafuta chupa ya kioo iliyokauka vizuri na yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, kisha tikisa kwa nguvu kwa dakika moja. Iache itulie robo saa. Ukiona chumvi imeng'ang'ania kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka, yarudishe juani. Chumvi ikishuka yote chini na kioo kikabaki safi, unyevu wa punje umeshuka chini ya asilimia 15. Kipimo kizima kimekugharimu chumvi ya jikoni na chupa iliyokuwa ikielekea jalalani.

Nimeanza na chupa hii kwa sababu karibu kila jambo la fani yetu limo ndani yake. Kuna kanuni ya maumbile: mahindi mabichi huijaza chupa unyevu, na chumvi huunyonya. Kuna utaratibu ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kuufuata. Halafu kuna mpaka, na hapo ndipo wengi huteleza. Asilimia 15 bado si ukavu wa kuhifadhi. Wataalamu wa ghala hutaka punje ishuke hadi 13 au karibu na hapo, kwa hiyo hata chumvi ikikubali, mahindi yanadai siku moja au mbili zaidi kwenye turubai. Tena chumvi yenyewe lazima iwe kavu. Ile ya dukani wakati wa masika huwa imeshalowa ndani ya pakiti, nayo itaganda kwenye kioo hata ukiitia peke yake, na mwenye mahindi ataendelea kuanika mazao yaliyokwisha kukauka. Ikaushe kwanza kwenye kikaango.

Fani ninayokukaribisha haina jina moja linalokubaliwa na wote. Wapo wanaoiita teknolojia rahisi, wapo wanaosema maarifa ya asili, na vijana wanasema ujanja wa nyumbani. Mimi nitasema ufundi wa nyumbani, nikimaanisha ule ujuzi ambao kaya hutumia kutengeneza, kutunza na kurekebisha vitu vyake pasipo kumwita mtaalamu. Ninachodai katika kitabu hiki ni kimoja: mbinu husafiri haraka, masharti yake hubaki nyuma. Ujumbe wa simu husema weka hiki kwenye kile, usiseme kwa udongo gani, msimu gani, maji ya wapi. Kazi ya mwanafunzi wa fani hii ni kuyafuata masharti yalikobaki na kuyaandika pamoja na mbinu.

Kwa kazi hiyo Simiyu ni darasa zuri. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga; Busega ilimegwa kutoka Magu, upande wa Mwanza; na Itilima ilizaliwa kutoka Bariadi, ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa. Ukitoka Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, ukaenda kusini mashariki hadi Meatu, mvua inapungua, maji yanabadilika ladha, na udongo unageuka chini ya miguu yako: mchanga mwepesi wa luseni kwenye miinuko, na mabondeni udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kisigino na masika hunasa magurudumu ya mkokoteni. Wasukuma waliupa kila udongo jina lake, na ndani ya kila jina mkulima husikia ushauri: hapa viazi, hapa pamba, hapa chimba majaruba ya mpunga. Hayo ni masharti yaliyokwisha kuandikwa, ila yameandikwa kwenye lugha ya shamba.

Turudi ghalani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aligunduliwa Tabora, akitoboa mahindi na kuyageuza unga mtupu. Vitabu vinamwita dumuzi. Wakulima walimpa jina la lori kubwa la wakati ule, Skania, na jina likamkaa. Kabla yake, kaya nyingi zilihifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, ndani ya kihenge, na majivu yalisaidia. Majivu hayana sumu. Vumbi lake laini hukwaruza nta iliyofunika mwili wa mdudu, naye akapoteza maji yake na kukauka. Kwa fukusi wa kawaida hilo lilisaidia mno. Skania alipenda gunzi hasa, kwa kuwa lilimpa mahali pa kujikita anapotoboa, na ndiyo sababu ushauri ulibadilika ukawa pukuchua kwanza, kisha changanya na dawa ya unga. Angalia kilichotokea: mbinu ya kihenge ilikuwa sahihi kwa vizazi, ila sharti lake, yaani aina ya mdudu, liliondoka bila kuaga.

Jibu jingine lilitoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa akifanya kazi na wakulima wa kunde nchini Kameruni. Mfuko uliotokana na kazi hiyo, unaojulikana kama PICS, una ngozi tatu: mbili za nailoni nzito ndani na moja ya kiroba nje. Wadudu waliofungiwa humo huitumia oksijeni hadi ikaisha. Kwanza wanaacha kula, kisha wanakufa. Hakuna dawa. Watu huupokea kwa furaha, halafu miezi miwili baadaye nasikia malalamiko kwamba mifuko ni feki. Ukiuliza vizuri unakuta mama wa nyumba hufungua mfuko ule ule kila Jumamosi kuchota debe la kusaga, na kila akifungua anawarudishia wadudu pumzi. Kwa familia ya namna hiyo ni afadhali mahindi ya kula mwezi huu yawe kwenye gunia la kawaida, na mifuko ya PICS ifunguliwe mmoja baada ya mwingine, ukiisha wa kwanza ndipo unaguswa wa pili. Panya nao wana lao la kusema, lakini hilo linamhusu paka.

Kabla hatujaiacha ghala: michembe na matobolwa. Nje ya Usukuma watu huzichanganya. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa; matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Moto huua vimeng'enya vinavyokifanya kiazi kilichokatwa kiwe cheusi, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili inazidi ladha. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ina swali lake: jua kali hukausha upesi lakini hula vitamini A, kivuli chenye upepo huchukua muda mrefu zaidi na huokoa sehemu yake. Kiangazi cha Bariadi kina upepo mkavu wa kutosha kwa kivuli. Mwezi wa tatu hauna, na majani yatapata ukungu kabla hayajakauka.

Sura ya maji ndiyo ninayoipenda kuliko zote, pengine kwa kuwa ndiyo inayoadhibu uzembe upesi zaidi. Kiangazi kikikaza, kaya nyingi vijijini hutegemea malambo, au mashimo yanayochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka juu lakini ina maji chini. Maji ya mchangani huja yamekwisha kuchujwa kwa kiasi; ya lambo huja na rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo halitulii hata likilala usiku kucha, kwa sababu chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Mbegu ya mlonge ina protini yenye chaji chanya. Ikitwangwa na kukorogwa majini huzishikanisha chembe zikawa mabonge, na mabonge huzama.

Samia Al Azharia Jahn alilichunguza jambo hili nchini Sudan, akijifunza kwa wanawake waliokuwa wakisafisha maji ya Nile kwa mimea na udongo, na kitabu chake cha mwaka 1981 kimewaongoza watafiti wengi tangu hapo. Hapa nyumbani Nancy Marobhe wa Chuo Kikuu Ardhi alizifanyia utafiti mbegu za kunde na kuonyesha kwamba nazo zina protini za kazi hiyo hiyo. Kunde! Kitu kilichomo kwenye kila nyumba ya Usukuma.

Utaratibu wa mlonge ni huu. Menya mbegu kavu, twanga hadi ziwe unga, koroga unga kwenye kikombe cha maji safi, chuja kwa kitambaa, na hayo maji meupe uyamimine ndooni. Tope la wastani linataka mbegu moja kwa kila lita mbili hivi. Tope zito, mbegu moja kwa lita. Koroga upesi dakika moja, kisha polepole dakika tano hadi kumi, halafu acha saa moja au mbili. Maji ya juu yatakuwa maangavu, na mtu aliyeipata mbinu hii kwa ujumbe wa simu atakinga kikombe anywe. Asinywe bado. Vijidudu vingi vimezama pamoja na tope, lakini si vyote, na mabaki ya mbegu yaliyobaki majini ni chakula cha vile vilivyosalia. Maji hayo hayafai kukaa zaidi ya siku moja.

Kinachofuata ni kuchemsha, au pale kuni zinapokuwa adimu, chupa na jua. Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria ndani ya chupa angavu, na baadaye watafiti wa Uswisi wakaupanga utaratibu: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ilazwe juu ya bati kwa saa sita; wingu likifunika zaidi ya nusu ya anga, siku mbili mfululizo; mvua ya kutwa, usijaribu. Maji lazima yawe maangavu kwanza, na kipimo chake ni gazeti. Simamisha chupa juu ya kichwa cha habari, chungulia kupitia mdomo wake hadi chini. Ukishindwa kusoma, rudi kwenye mlonge.

Saa sita zipi? Saa zetu zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, wakati Bariadi ipo kwenye nyuzi 34. Kila nyuzi ni dakika 4, kwa hiyo jua la Bariadi hufika kileleni kama robo tatu saa baada ya saa sita mchana, na chupa yako itapata mwanga mwingi kuliko wote ukiilaza kuanzia saa nne kasoro robo hadi saa kumi kasoro robo. Anayeilaza saa moja asubuhi na kuiondoa saa saba ameondoka jua likiwa ndiyo kwanza limekaa kazini.

Halafu kuna maji yanayoudanganya utaratibu mzima. Meatu na sehemu za Maswa zina visima ambavyo maji yake ni maangavu tangu yanapotoka chini, hayana harufu, na yana floraidi nyingi. Ikizidi, floraidi hutia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na baada ya miaka mingi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Gazeti litasomeka vizuri kabisa kupitia maji hayo. Jua haliigusi floraidi, na kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua nayo ikabaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nacho hufanya kazi, lakini moto wa kuchomea mifupa unataka kudhibitiwa. Ukikosea, maji hutoka yananuka na hakuna atakayeyanywa. Hapa ufundi wa nyumbani unapaswa kuvua kofia na kupeleka sampuli maabara. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani, uliopata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ukifika kila kijiji utaifanya nusu ya sura hii kuwa historia, nami nitafurahi.

Kwa kuwa tumelitaja jua, neno juu ya sola. Video nyingi zinazotazamwa na mafundi wetu zimetengenezwa Ulaya, na zinasema paneli ielekezwe kusini na iinuliwe sana. Bariadi ipo chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri la mwezi Juni huegemea kaskazini kwa nyuzi 26 hivi, la Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 20 na kitu. Paneli inayotaka kuyapokea yote mawili ikae karibu kulala, na mwinamo wa nyuzi 10 unatosha ili mvua iteremke na vumbi. Acha nafasi ya mkono kati ya paneli na bati, kwa sababu paneli ikipata joto umeme hupungua. Na kivuli cha tawi moja la mwarobaini kwenye kona kinaweza kuinyima paneli nzima sehemu kubwa ya umeme, maana seli zake zimeunganishwa kwa mfuatano. Nimeona watu wakinunua betri ya pili wakati dawa ilikuwa panga na dakika tano juu ya mti.

Mtungi sitaukawiza. Maji yanayopita kwenye kuta za udongo na kukauka nje huondoka na joto. Lita moja ikikauka huchukua joto la kutosha kupooza maji ya ndoo mbili kwa nyuzi zaidi ya kumi, angalau kwenye karatasi. Mnigeria Mohammed Bah Abba aliweka chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, akahifadhi nyanya na bilinganya, akapata Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Julai na Agosti kifaa hicho kinafaa sana Meatu. Pwani, au hapa hapa wakati wa mvua, hewa imeshashiba maji na chungu hubaki chungu.

Msomaji ataniuliza kama kuna usomi katika mambo haya. Upo, na umekua. Mwaka 2006 David Edgerton wa Uingereza aliandika historia ya teknolojia inayoanzia kwenye vitu vinavyotumika na kutunzwa, bati na baiskeli vikiwemo, badala ya vile vinavyovumbuliwa. Mwaka 2021 Joshua Grace alichapisha kitabu kizima kuhusu magari na mafundi wa Tanzania. Wote wawili wanatupa ruhusa ya kumchukulia fundi baiskeli wa Bariadi kama mtu mwenye nadharia.

Mtazame anapoziba tyubu. Miiba ya migunga haina huruma, kwa hiyo kazi haikosekani. Analijaza tyubu upepo, analizungusha kwenye karai la maji hadi mapovu yajitokeze, anaweka alama, anakausha. Anakwaruza kwa msasa hadi ule ung'aavu wa mpira uishe. Anapaka gundi nyembamba, halafu hafanyi kitu. Anaongea na mteja, anatafuta spoku. Mwanafunzi wake angeshabandika kiraka zamani. Yeye anasubiri mpaka gundi ipoteze unyevu wake, anaigusa kwa mgongo wa kidole, na ikishaacha kumnata ndipo anabandika na kugonga. Ukimuuliza atakuambia gundi mbichi haishiki. Ndivyo ilivyo: kiyeyusho kikifungiwa chini ya kiraka huzuia mpira na mpira kuungana. Sharti lote la mbinu limo kwenye ule muda wa kupiga soga, na hakuna picha ya simu inayoweza kuuonyesha.

Simu zenyewe zina hadithi yake. Simu ikitumbukia kwenye ndoo, mkono wa kwanza unaenda kwenye mchele. Mchele haunyonyi vizuri kuliko hewa ya wazi, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji; mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waache. Izime, ikung'ute tundu likiangalia chini, iweke penye upepo, na usiichomeke kwenye chaji hadi ikauke. Mchele upike.

Kufundishana mambo haya kwa wingi si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, na baada ya kusikiliza walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka huo huo SIDO ilianzishwa kuwatumikia wenye viwanda vidogo. Baadaye viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vikapokea maonyesho ya kitaifa ya wakulima, Nane Nane, kuanzia 2018, na wageni wakaona chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yaliyofungwa kwenye pakiti. Ninachokisifu kwa Mtu ni Afya ni kile kikundi. Redio ilitoa mbinu, lakini watu kumi au kumi na watano waliokaa chini ya mti waliiuliza kama inafaa kwao, na mtu mmoja aliyejua kwamba bonde lile hujaa maji masika aliweza kusema hapa choo kitafurika. Simu haina mtu huyo.

Lipo sharti la mwisho, gumu kuliko unyevu na chaji. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na baada ya mavuno mashamba yamejaa mabua. Yanawaka vizuri. Mahali ambapo kuni zinatafutwa mbali, kuyalundika nyuma ya jiko ni akili safi, na ukiupima ushauri huo kwa kaya moja utaushangilia. Lakini ndani ya vitumba vilivyosalia kwenye mabua funza mwekundu hulala akisubiri msimu ujao, na ndiyo sababu Bodi ya Pamba huwataka wakulima wang'oe na kuchoma masalia, Septemba 15 ikiwa ndiyo tarehe inayotajwa. Mbinu ya jiko langu inaweza kuwa hasara ya shamba la jirani. Nimewasikia wakulima wakipendekeza njia ya kati, yaani kupukuta vitumba na kuvichoma, kisha kubaki na vijiti vitupu. Inaonekana ya busara, lakini inategemea kila nyumba ipukute kweli, na sura ya tisa inaonyesha kwa nini sijashawishika.

Ukianza kukusanya mbinu zako mwenyewe, andika mahali, mwezi, aina ya udongo au maji, na nani alikufundisha. Kisha muulize ni lini ilimkatalia. Wengi watacheka kwanza, halafu watakueleza kwa kirefu. Sura zinazofuata zinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote, isipokuwa ile ya maji, ambayo naomba isomwe nzima kabla hujamimina chochote ndooni.